Kabla ya Kulipia Mtihani, Jifunze Kuharibu na Kutengeneza Seva

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia. Amemaliza diploma ya teknolojia ya habari, baba yake ameuza ng'ombe ili apate pesa za mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, na sasa anauliza: aanze na huo, au kwanza atafute cheti cha Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi? Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu, nikaona heri niliweke hapa kwa sababu wengi wenu mmeniuliza hilo hilo.

Kaka, hizo pesa zishikilie kwanza. Mtihani wa CCNA ni dola 300. Ukianguka hurudishiwi kitu, na ukitaka kurudia unalipa upya. Sisemi usiufanye, mimi ninao, na umenifungulia milango ambayo ilikuwa imefungwa kabisa. Lakini swali lako linaanzia mwisho. Umeniuliza cheti kipi, hukuniambia umewahi kutengeneza nini.

Ngoja nikueleze jambo la mwezi uliopita.

Kuna taasisi moja hapa Kisumu, sitaitaja, ambayo stima ilipotea usiku, na betri za akiba hazikufika asubuhi. Stima iliporudi seva ya faili ikawaka vizuri, taa zote kijani, lakini hakuna mfanyakazi aliyeweza kufungua hata faili moja. Nenosiri ni lile lile la jana, ila linakataliwa. Wakampigia mtaalamu wao wa Nairobi. Yeye, bila kuona kitu, akasema swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, imeungua na wanunue nyingine. Bei aliyowatajia ndiyo iliyomtia mhasibu wasiwasi, nami nikapigiwa simu.

Nilikwenda na mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa Kondele. Nilimwachia kibodi nikakaa nyuma yake kimya. Akaangalia taa za swichi, akaangalia kebo, akasoma anwani ya IP, yaani namba ya mashine kwenye mtandao. Akatuma ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama mashine ipo, ikajibu. Akajaribu kwa jina badala ya namba, DNS, huduma inayogeuza jina kuwa namba, nayo ikajibu. Basi swichi ni nzima, hilo likaisha. Yote hayo alikuwa anayaandika kwenye daftari, mstari kwa mstari. Ndipo akafungua logi, yaani kumbukumbu za seva, kwa amri ya journalctl, akasoma kidogo, akageuka: "Mwalimu, mbona hii logi inasema ni mwaka mwingine?"

Akaandika date, amri ya kuonyesha tarehe na saa. Saa ya seva ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa.

Seva ile inatumia Linux na Samba, programu ya kushirikisha faili na kompyuta za Windows, na imeunganishwa na Active Directory, orodha ya Microsoft ya watumiaji wa ofisi, kwa hiyo watumiaji hutambuliwa kwa Kerberos, mfumo unaompa kila mtu tiketi ya kuingilia. Kerberos, isipobadilishwa mipangilio, hukataa mashine mbili ambazo saa zake zimepishana zaidi ya dakika 5. Ni ulinzi, ili mtu asinase tiketi ya zamani akaitumia tena. Ndani ya seva betri ya CR2032, ile bapa iliyo ndogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, ilikuwa imekufa. Mashine ikipata umeme wa ukutani, saa inaendelea kutembea bila betri, ndiyo maana hakuna aliyejua. Tena aliyeiweka ile seva hakuwasha huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Betri tuliipata kwa fundi wa saa za mkono. Tukarekebisha saa, tukawasha chrony, ndiyo huduma hiyo ya kulinganisha saa, na kabla ya chakula cha mchana ofisi nzima ilikuwa inafanya kazi.

Yule msichana hana cheti chochote cha kimataifa. Bado. Nilijivunia siku hiyo kuliko siku niliyopita mtihani wangu mwenyewe, na sioni haya kusema hivyo.

Labda ni kwa sababu ya yaliyonipata Nakuru. Nilikuwa nimeajiriwa katika kampuni moja huko, navuta kebo darini, nabadilisha diski usiku, najua kila seva ilipo na inaugua nini. Nafasi ya msimamizi wa mifumo ilipotokea akapewa mtu aliyekuja na bahasha ya vyeti. Mimi ndiye niliyetumwa kumwonyesha kazi. Nilipouliza kwa nini, mkubwa wangu alinijibu mbele ya watu, "Wewe ni fundi wa kebo tu." Neno hilo bado linaniuma. Baadaye nilisoma, nikafanya mitihani, nikahamia Kisumu. Hiyo sehemu haina hadithi. Lakini kila nilichosoma kwenye kitabu nilikuwa nimeshakigusa kwa mkono, ndiyo maana kiliingia.

Kwa hiyo anza hivi. Tafuta kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako, ni ya bure. Ndani yake weka Debian, aina mojawapo ya Linux, na Windows Server ya majaribio, ambayo Microsoft inakuruhusu kuitumia siku 180. Kwa ruta na swichi tumia Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza vifaa vya mtandao, nayo ni ya bure. Jenga mtandao mdogo, uhakikishe unafanya kazi, kisha uuharibu.

Zima DHCP, huduma inayogawa anwani kwa mashine, uone kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254. Ukishaiona kwa macho yako, siku utakayoikuta kazini hutahangaika na kebo, utajua mashine imeomba anwani ikakosa wa kuipa. Weka DNS ya uongo, uone ping ya namba ikifika na ya jina ikigoma. Jaza diski mpaka hifadhidata isimame. Na hili wengi hawalijui: tengeneza mamilioni ya faili tupu. Amri ya df -h itakuambia nafasi ipo, lakini seva itakataa kuandika hata faili moja, mpaka ukumbuke df -i uone kwamba kilichoisha ni ingizo za faili, si nafasi.

Kisha mtafute mwenzako mharibiane. Yeye avunje wewe usipoona, wewe utengeneze. Usiguse chochote kabla ya kuandika unachokiona. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika, jaribu tena. Nasisitiza kuandika kwa sababu ndilo vijana wanalolidharau zaidi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na seva ikapona, hujajifunza kitu, na wiki ijayo ikiugua tena utaanza upya. Andika.

Bakapu nayo iwe mazoezi, isiwe mada ya darasani tu. Diski mbili zinazofanana ndani ya seva moja hazikuokoi mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, maana zote mbili zitafuta. Irejeshe bakapu yako kwenye mashine nyingine kila mwezi, uifungue, uone faili zimo.

Walimu wenzangu, nanyi nina neno. Kuna chuo huku magharibi ambako hadi leo vijana wanafundishwa kwa CentOS 7, toleo la Linux ambalo liliacha kupata marekebisho ya usalama mwezi Juni 2024. Wengine wanawatajia MCSE, cheti cha Microsoft, ilhali Microsoft yenyewe ilikiondoa Januari 2021. Mzazi anauza shamba, mtoto anapewa kilichokwisha muda! Na nyinyi mnaonunua maswali ya mtihani ili mkariri majibu, mnajua hilo ni wizi, na anayeibiwa ni yule atakayekuajiri. Kama ni seva ya hospitali, anayeibiwa ni mgonjwa. Acheni.

Wewe wa Kakamega, ng'ombe wa baba yako usimpeleke kwa mtihani ambao hujawa tayari nao. Toa sehemu ndogo ununue mashine, nyingine mrudishie mzee akutunzie. Ukiweza kutofautisha tatizo la DHCP na la DNS bila kufungua simu, na ukiweza kugawa mtandao wa /24, yaani wenye anwani 254 za kuzipa mashine, katika sehemu nne bila kikokotoo, niandikie tena, nitakutajia sura za kuanza nazo za CCNA. Na ukikosa ya GB 8, ya GB 4 chukua. Weka Debian isiyo na madirisha ya picha, itabeba seva mbili ndogo bila shida.