Mwombe akusimulie siku yake ya jana

Dodoso langu la kwanza la sosholojia nililipeleka Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, upande wa Jangwani, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Swali la nne lilisema: "Kwa nini huhami mabondeni?" Mama lishe mmoja, mikono imejaa unga, alilisoma akanirudishia karatasi. "Mwanangu, hapa umeshanihukumu. Nikujibu nini tena?"

Nawe unayejiandaa kwenda mtaani, kumbuka kuwa swali lililobeba lawama huvuna utetezi tu. Kesho yake dodoso nililiacha kwenye begi, nikamwomba anisimulie siku yake ya jana. Aliamka saa kumi alfajiri, akaenda Kariakoo kwa miguu kununua mahitaji, akarudi kubandika chai kabla wabeba mizigo hawajapita. Wengi wao hunywa kwa mkopo na kulipa jioni. Akiugua, upo upatu wa wanawake wenzake, nyumba kwa nyumba.

Ndipo nikaielewa Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali ilizipa familia zilizokumbwa viwanja huko, kule karibu na Bunju. Maji ya Msimbazi hayafiki Mabwepande, na hilo si dogo. Lakini Kariakoo nako hakuendeki kwa miguu tena. Nauli inakula faida ya chapati, na wateja wanaodaiwa chai wamebaki bondeni. Baadhi walirudi, wakaitwa wakaidi. Iliniuma, kwa sababu nami nilikuwa nimewaita hivyo kwenye swali la nne.

Mto wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo anayekaa Jangwani hupokea maji ya wote waliojenga juu yake. Ukitafuta suluhisho, wahoji na wale wa juu.

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa na barua ya chuo, kisha mjumbe. Ila usiishie kwa wale watakaokuchagulia. Mwenye nyumba atazungumzia fidia. Mpangaji aliyelipa miezi sita atazungumzia kodi yake. Hao ni watu wawili, waandike mbalimbali.

Ukimaliza, rudi ukawasomee ulichoandika. Mimi nilirudi. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Hapo kwenye upatu ongeza kwamba ndio uliotununulia magodoro baada ya mvua."