Na wewe, unalalaje?

Mara ya kwanza mume wangu kunikaba shingo, alikuwa usingizini. Nilimgusa bega nimtoe kwenye jinamizi, na kabla sijatamka neno mkono wake ulikuwa kooni mwangu. Alipozinduka alilia kuliko mimi. Tangu hapo namwamsha nikiwa mlangoni: nawasha taa, namwita jina, namwambia yuko nyumbani, narudia mpaka macho yake yanitambue. Simgusi. Kama mwenzako ametoka jeshini na anaota vita, anza na hilo usiku wa leo.

Kilichonishinda ni mchana. Mlango ukibamizwa, nakimbilia kuwanyamazisha watoto. Tukialikwa kwenye sherehe, nasema anaumwa tumbo. Popote tulipokaa nilihakikisha ameelekea mlango, mgongo ukutani. Niliona huko ndiko kumpenda. Mshauri nasaha akanieleza jambo lililoniuma: kukwepa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, PTSD, yaani kiwewe kinachobaki akilini baada ya mambo ya kutisha kama vita, na kila nikimsaidia kukwepa, hofu yake inazidi kuamini kwamba huko nje kuna hatari. Ndiyo maana tiba nzuri humrudisha mgonjwa taratibu, mkononi mwa mtaalamu, kwenye yale anayoyakimbia. Sikuacha yote kwa siku moja. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba sitamsemea uongo tena. Asipotaka kwenda, atasema mwenyewe.

Kisha mshauri akaniuliza, “Na wewe, unalalaje?” Nikakosa jibu. Nilikuwa nalala nikisikiliza pumzi zake. Simu ikilia, nashtuka. Marafiki nilishaacha kuwapokea. Dalili zake zilikuwa zangu, na sikuwahi kukanyaga uwanja wa vita. Kiwewe humpata pia anayeishi karibu na aliyejeruhiwa. Ugonjwa wa waume zetu wenyewe uliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kwa jina linalotumika leo, mwaka 1980. Nawafikiria sana wanawake wa kabla ya hapo, walioambiwa tu kwamba mume amebadilika tabia.

Kwa hiyo tafuta mshauri wako, si wa kwenda kumweleza habari za mumeo. Mtafute na mtu mmoja anayeujua ukweli wote wa nyumba yako. Mimi ni dada yangu. Wanawake wengine wenye mzigo huu ukiwapata, kaa nao, maana hao huna haja ya kuwaanzia mwanzo.

Na hili nalisema waziwazi: ugonjwa unaeleza hasira, hauhalalishi kipigo. Akikupiga akiwa macho, ondoka na watoto kwanza, matibabu yazungumzwe baadaye. Akitaja kufa, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Silaha zisiwepo ndani, na usimwache peke yake mpaka msaada ufike.

Alhamisi jioni ni yangu. Naenda kwa mshauri wangu, yeye anabaki na watoto. Wiki iliyopita mlango ulibamizwa nikiwa sipo. Mtoto ananiambia baba alishika meza, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kumsomea.