Vimelea vinanifutika kichwani

SWALI: Shikamoo Mama. Nasomea maabara, mwaka wa pili. Jioni nikikaa na picha za vimelea vya malaria, kesho yake nazijua zote. Zikipita wiki mbili, aina ya falciparum na ya malariae naona kitu kimoja. Nimekesha nazo, wapi! Je, kichwa changu ni kibovu? – Mwanafunzi, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea, chora sarafu ya shilingi 200 bila kuitoa mfukoni. Imekushinda, eti? Na unaishika kila siku. Kuona tu hakutoshi. Jicho hushika kile lilicholazimika kukitofautisha na kingine.

Nahisi unasoma nilivyosoma mimi: leo falciparum mpaka basi, kesho vivax. Mwaka 2008 watafiti Kornell na Bjork, huko Marekani, waliwaonyesha watu kazi za wachoraji 12, wachoraji wengine kwa mfululizo, wengine kwa kuchanganywa. Zilipoletwa picha mpya za wachoraji haohao, watu waliwatambua zaidi wachoraji waliochanganywa. Cha kuchekesha, wengi wao walishikilia kwamba mfululizo ndio uliowafundisha!

Basi funika lebo, changanya slaidi. Kwenye damu iliyotandazwa jiulize kwanza: seli nyekundu imevimba? Kama imevimba na ina vitone vya Schüffner (vinukta vya waridi ndani ya seli), fikiria vivax au ovale. Haijavimba, ila ina pete nyembamba, pengine mbili ndani ya seli moja, hiyo ni falciparum. Utepe uliokatiza seli ni malariae. (Kwenye tone nene usitafute seli nyekundu, zimeshapasuka.)

Mimi nilipoanza kazi niliandika malaria kwa mtu asiye nayo. Chembe sahani (ile ya kugandisha damu) ilikuwa imelala juu ya seli, nikaona pete. Bosi wangu hakunigombeza. Aliweka hadubini mbili sambamba, moja na chembe sahani, nyingine na pete ya kweli, akaniacha hapo hadi saa ya chai. Sijazichanganya tena.

Kukesha acha. Rudia kesho, halafu baada ya siku nne, halafu wiki ijayo, na kila mara anza kwa kuchora bila kuangalia: nukta nyekundu, mwili wa bluu, kama rangi ya Giemsa inavyovipaka vimelea. Ukikosea usifute, andika pembeni ulidhani ni nini, na kipi kilikudanganya.