Fungua lile boksi wenye sauti zao wangali wapo

Nimehama nyumba mwezi uliopita, na kuhama ndo kunakofichua mambo, vitu ulivyoshasahau kama unavyo vinajitokeza vyenyewe. Chini kabisa ya kabati, nyuma ya spika iliyokufa zamani, nikakuta boksi la viatu limefungwa kwa uzi wa gita. Ndani kaseti kumi na moja, CD tatu za kuchoma, daftari la mashairi jalada limenyofoka, na bahasha ya zile karatasi za orodha ya nyimbo tunazobandika sakafuni mbele ya maiki wakati wa shoo, nyingine bado zina alama ya kiatu cha mtu.

Nia yangu ilikuwa kutupa, nasema ukweli. Nimeimba bila lebo, yaani bila kampuni ya muziki ya kunisimamia, zaidi ya miaka ishirini na katika kazi hii ukishatoa wimbo akili yote inahamia kwenye unaofuata, wa nyuma unauacha ujitegemee. Lakini nikakaa na lile boksi tangu asubuhi mpaka jua likazama, na nilipoinuka nilikuwa na orodha ya watu saba wa kuwapigia simu. Ile orodha ndo imenifanya niandike, kwasababu najua wengi wenu mnaojiimbia wenyewe na kujirekodia wenyewe mna boksi kama hilo mahali, chini ya kitanda, kwa mama, kwenye stoo ya mtu, na nataka mlifungue mapema kuliko nilivyofungua mimi.

Nianze na kaseti moja ambayo haikuwa na jina. Nikaiweka kwenye redio, ikatoka sauti nzito ya kuburuza, mtu anaimba kama yuko kwenye usingizi wa dawa, nyuma yake gita limelegea. Nikageuza upande wa pili, huko ndo kabisa, maneno yanakwenda kinyumenyume. Nilishaanza kusema hii imeharibika, mkono uko njiani kuelekea pipa la taka, ndo nikakumbuka ile mashine ya treki nne, ya kurekodi sauti nne kila moja kwenye njia yake. Wale wa zamani mnaijua. Kampuni ya TEAC ilitoa ya kwanza mwaka 1979, ikaitwa Portastudio, na kuanzia hapo mtu asiye na hela ya studio aliweza kupiga gita kwenye treki moja, akarudi akaimba kwenye nyingine, akaongeza sauti ya pili, yote kwenye kaseti ya kawaida nyumbani kwake. Sisi tulikuwa na mashine ya aina hiyo, ya kuazima, inazunguka kwa wanamuziki watano kwa zamu.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki. Kaseti ya kawaida inasoma treki mbili kwenda na mbili kurudi, ndo maana ina upande A na upande B. Mashine ya treki nne inazitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, na nyingi zilikuwa zinaendesha utepe kwa spidi mara mbili, kama sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76, ili sauti iwe safi zaidi. Kwahiyo ukiiweka kwenye redio ya nyumbani unasikia nusu ya muziki, tena polepole, na nusu nyingine iko upande wa pili inakwenda kinyume. Haijaharibika. Tafadhali sana kama una kaseti inayolia hivo usiitupe! Ukipata mashine yenyewe ndo bora, ukikosa fanya nilivyofanya, ingiza pande zote mbili kwenye kompyuta, upande wa pili ugeuze, ongeza spidi mara mbili, halafu zipange pamoja. Hazitakaa sawasawa kwa mara moja maana mota ya redio haizunguki sawa kila wakati, utakatakata na kusogeza kidogokidogo, mi ilinichukua siku mbili kwa wimbo mmoja wa dakika nne.

Na baada ya siku mbili, kwenye treki ya tatu, peke yake bila gita bila mimi, nikamsikia mwenzangu mmoja anaimba sauti ya pili.

Huyu dada tulianza naye. Alikuwa na sauti kuliko mimi, hilo nililijua hata wakati ule ila sikuwahi kumwambia. Aliacha kuimba, maisha tu, watoto, kazi ya kuajiriwa, na sisi wengine tukaendelea na majukwaa na taratibu tukaacha kupigiana simu. Kwenye ile treki unamsikia anavuta pumzi kabla ya kiitikio, unasikia kiti kinalia, kuna mahali anakosea anacheka kisha anaendelea. Nimerekodi kwenye studio nzuri tangu wakati huo, sijawahi kurekodi kitu kilicho hai namna ile.

Nikampigia. Namba ilikuwa imebadilika, nikapitia kwa ndugu yake. Alipopokea nikamwambia dada nina sauti yako hapa, akakaa kimya kidogo, akauliza sauti ipi, nikamwekea kwenye simu. Aliniomba kitu kimoja tu, nimtumie ile treki yake peke yake, maana binti yake ameshakuwa mtu mzima na hajawahi hata siku moja kumsikia mama yake akiimba kwenye rekodi. Kwenye nyumba yao haikuwepo nakala yoyote. Miaka yote hiyo nakala pekee ya sauti ya yule dada duniani ilikuwa kwenye boksi la viatu ambalo mimi nilikuwa natafuta mfuko wa kulitupia.

Ndo nikaelewa kitu ambacho nataka mkibebe. Mwanamuziki wa lebo kubwa ana watu wa kumtunzia kanda, ingawa hata huko si salama, mwaka 2008 moto uliwaka Universal Studios Hollywood kule California, Marekani, na kanda za masta, yaani rekodi zenyewe za asili, zilizokuwa kwenye ghala zikaungua, na nyingine inasemekana hazikuwa na nakala. Sisi wa kujitegemea hatuna ghala wala mtunzaji. Vitu vyetu vimetawanyika kwa wenzetu, sauti yangu iko kwenye kaseti ya mpiga besi, ya mpiga besi iko kwangu, picha za wote ziko kwa aliyekuwa anatubebea vyombo. Boksi lako lina mali za watu na kuna mtu mahali anazihitaji bila kujua ziko wapi.

Basi tuseme umelifungua. Kaseti usikimbilie kuibonyeza pleyi. Kwanza vunja vile vijino viwili vya plastiki juu ya kaseti kama bado vipo, vikishavunjika mashine haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya, nilishawahi kupoteza shoo nzima kwa kidole kimoja kukosea kitufe. Angalia pale utepe unapopita katikati, kuna kipande kidogo cha kitambaa kinachosukuma utepe uguse hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma utepe, gundi yake ikizeeka kinadondoka na utasikia sauti hafifu kama imefunikwa blanketi, ukadhani kanda imekufa kumbe ni kile kipande tu. Kama kaseti ina skrubu tano unaifungua na kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine, kazi ya dakika kumi kwa mkono uliotulia. Safisha hedi za mashine kwa pamba na spiriti, peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja ili ilegee, ndo uicheze. Na ukiicheza hiyo mara ya kwanza uwe tayari unarekodi kwenye kompyuta, kwasababu kanda dhaifu inaweza kukupa nafasi moja tu.

Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 48. Usihifadhi MP3, hiyo inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo na kilichotupwa hakirudi, ukitaka MP3 ya kuwatumia watu utaitengeneza baadae. Usianze kusafisha kelele kabla ya kuweka nakala chafu pembeni kama ilivyo, najua mkono unawasha, mimi pia, ila programu ya kuondoa mvumo inaondoka na pumzi za mwimbaji na hizo ndo ulikuwa unazitafuta.

CD za kuchoma usiziamini kabisa, zile zinahifadhi kwenye rangi na rangi inapauka hasa ikikaa kwenye mwanga. Watu wanaogopa mikwaruzo ya chini, hatari zaidi iko upande wa juu ulikoandika jina maana data iko karibu sana na huo uso. Kati ya zangu tatu moja ilikuwa na stika, nilipojaribu kuibandua ikaondoka na ngozi ya fedha yote na mazoezi ya bendi ya usiku mzima yakaondoka nayo. Msibandue stika.

Sasa daftari. Hapa ndo pagumu kwangu na nimefikiria sana kama niandike.

Nina wimbo mmoja ambao ndo umefanya watu wanijue. Kila nikiulizwa nimekuwa nikijibu niliuandika usiku mmoja peke yangu, na niliamini hivyo, sikuwa nadanganya, kumbukumbu ilikuwa imeshajitengenezea hadithi yake. Kwenye daftari ukurasa wa ule wimbo una mashairi ya beti kwa mwandiko wangu, na kiitikio, kile ambacho watu wanakiimba kuliko mimi mwenyewe, kiko kwa mwandiko wa mtu mwingine. Kalamu ya kijani. Na pembeni ameniandikia niipandishe sauti hapa. Niliitazama ile kalamu ya kijani muda mrefu sana. Kijana mwenzangu wa wakati ule, hajapata hata senti kwenye ule wimbo, na hajawahi kulalamika, nadhani na yeye aliona ni kawaida, tulikuwa tunasaidiana tu.

Huyu alikuwa wa pili kwenye orodha ya simu. Sikujua nianzeje nikamwambia moja kwa moja, kiitikio ni chako, mwandiko wako ninao hapa, nimekosea miaka yote hii na nataka kurekebisha. Tumeandikishana. Na kwa faida ya wenzangu, jueni kwamba kila wimbo una haki mbili tofauti, kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya ile rekodi yenyewe. Rekodi ina namba yake ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, utunzi una namba yake nyingine, ISWC. Mtu anaweza kuwa na sehemu kwenye utunzi bila kuwa na chochote kwenye rekodi, na aliyekuimbia sauti ya pili naye ana haki ya kuulizwa kabla hujaitoa sauti yake sokoni. Karatasi ya mgawanyo haihitaji lugha ngumu, jina la wimbo, nani kaandika nini, asilimia ngapi kila mmoja, tarehe, sahihi. Andikeni siku hiyohiyo mnapotunga mkiwa bado mnacheka. Ukingoja wimbo uanze kuingiza hela hiyo karatasi inakuwa nzito sana kuileta mezani, na urafiki nao unaanza kupimwa.

Hayo malipo ya nyuma nimeanza kumlipa kidogokidogo. Sijamaliza.

Zile karatasi za orodha za nyimbo sikuwa nimezipa maana, ila ukizigeuza nyuma tumeandika majina, nani kapiga ngoma siku hiyo, nani kaja na kibodi, hela ya mlangoni imegawanywaje. Nimezipiga picha zote. Majina hayo ndo yamenisaidia kutambua sauti kwenye kaseti nyingine ambazo sikuandika kitu, kwahiyo nawaomba, leo hii, hata kwa rekodi mliyofanya jana kwenye simu, badilisheni jina la faili. Weka tarehe, jina la wimbo, na nani anasikika humo. Mtu aliyepiga shekere dakika moja naye mwandike. Kesho utakuwa na mafaili elfu mbili yanaitwa rekodi mpya na hutajua nani ni nani.

Nakala weka tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja isikae nyumbani kwako. Hiyo ya tatu ndo inayowashinda watu. Sisi tumeamua hivi, nimewakusanya wale niliowapata, watano kati ya saba, mmoja ametangulia mbele ya haki na mmoja hapatikani bado, tumenunua diski ngumu ndogo za kompyuta kila mtu ya kwake, na kila mmoja anatunza ya mwenzie. Ya kwangu iko kwa yule dada. Ya kalamu ya kijani iko kwangu. Mara moja kwa mwaka tunakutana, kila mtu anafungua ya mwenzie kwenye kompyuta kuona kama bado inasoma, diski ikikaa bila kuguswa nayo inaweza kufa.

Za yule aliyetangulia tulikuta nyimbo nne, mbili hazikumalizika. Tumezipeleka kwa familia yake kama zilivyo, na mvumo wake na makosa yake. Kaka yake aliuliza kama tutazimalizia, tukamwambia nyie ndo wa kuamua, wakaomba muda. Tunasubiri, na treki ya nne ya ule wimbo wa mwisho bado iko tupu kama alivyoiacha.