Mishipa ya mguu imetuna: lazima nipasuliwe?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nina miaka 48, nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo, na huwa nimesimama jikoni tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Mishipa ya mguu wa kushoto imetuna kutoka pajani hadi chini, jioni mguu unakuwa mzito, na ngozi karibu na kifundo imekuwa nyeusi na inawasha. Mama mdogo alipasuliwa zamani kwa shida hii, akalazwa. Nasikia siku hizi kuna leza. Jirani naye ananihimiza nipigwe chuku. — Mama Swabra

JIBU: Waaleikum salaam, Mama Swabra. Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo ngozi nyeusi, kuliko hata mishipa. Ngozi ya hivyo ikikwaruzwa hufungua kidonda upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, na kidonda hicho huweza kukaa miezi au miaka. Nakuomba usijikune, na usingoje mfungo upite ndipo uende hospitali.

Vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali, yaani vilango vinavyoiruhusu damu kupanda tu. Vikilegea, damu hurudi chini na kutuama. Mara nyingi hitilafu iko juu kabisa, kinenani, kwenye vena ndefu iitwayo safena. Chuku haifiki huko, na wembe juu ya mshipa uliotuna unaweza kumwaga damu nyingi. Mguu huo usichanjwe kabisa.

Leza ipo, ni kweli. Ila kwanza upimwe altrasaundi ya Dopla ukiwa umesimama: mpimaji hulibana shavu la mguu, akaachia, akatazama damu inarudi kupitia wapi, na kama vena za ndani zimeziba. Halafu unalazwa kitandani, unadungwa ganzi karibu na goti, na uzi mwembamba wa leza unapitishwa ndani ya vena hadi karibu na kinena. Hufuata sindano kadhaa za ganzi iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi, kuuzunguka mshipa wote. Hizo ndizo utakazozisikia zaidi. Kisha uzi huvutwa polepole huku joto likiifunga vena. Mguu mmoja kwa kawaida hauchukui zaidi ya saa moja, na siku hiyo hiyo unarudi nyumbani kwa miguu yako. Mishipa midogo iliyobaki hutolewa kwa vitundu au hudungwa dawa ya povu.

Damu itapita wapi? Karibu sehemu tisa kwa kumi tayari hupita kwenye vena za ndani, kwa hiyo hupungukiwi kitu.

Nchini Uingereza, mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, unaweka njia ya joto kwanza, kisha povu, na kisu mwisho. Hata hivyo utapata michubuko, pengine ngozi kufa ganzi kwa muda, na mara chache damu huganda. Ndiyo sababu utaambiwa utembee, wala usilale ukauguzwa kama mzazi. Na baada ya miaka mishipa mingine huweza kujitokeza.

Uliza bima yako inalipia nini kabla ya kutoa pesa. Anayekutajia bei ya leza kabla ya Dopla, muage kwa adabu uondoke. Na mshipa ukipasuka kabla ya tiba, lala chini, inua mguu juu, ugandamize kwa kitambaa safi bila kuachia, na uitiwe gari la kukupeleka hospitali. Usiufunge kamba.