Tangazo la kazi la mtandaoni si tangazo la gazeti lililopigwa picha

Bado waajiri wengi huandika tangazo la kazi kana kwamba linakwenda gazetini, hulipiga picha, kisha huirusha picha hiyo mtandaoni. Halafu hulalamika: ama hawakupata mtu, ama wamemiminiwa maombi yasiyofaa.

Gazetini ulilipia nafasi, mistari au sentimita za safu. Ndiyo maana maneno yalifupishwa na mshahara haukutajwa. Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1990: The Monster Board, tovuti ya matangazo ya kazi, ilianza mwaka 1994, na mwaka uliofuata Craig Newmark akaanzisha Craigslist huko San Francisco, tovuti ya matangazo madogo madogo iliyokuwa mwanzoni matangazo tu ya kutumiana kwa barua pepe. Indeed, tovuti ya kutafutia kazi, ilipoingia mwaka 2004 ilikuja na jambo kubwa zaidi kwa maoni yangu, la kukusanya matangazo kutoka tovuti nyingine. Siku hizi msomaji wa kwanza wa tangazo lako ni mtambo, yaani programu ya kompyuta inayopitia kurasa za mtandao.

Mtambo huo hautegemei picha, unataka maandishi. Kila nafasi ya kazi ipewe ukurasa wake na kiungo chake. Ukirundika nafasi saba pamoja, hakuna itakayoonekana vizuri. Tangu 2017 Google huonyesha kazi ndani ya matokeo yake, lakini anayekutengenezea tovuti lazima aweke alama za JobPosting, yaani maelezo yaliyopangwa ndani ya msimbo wa ukurasa ili mtambo uyasome: cheo, maelezo ya kazi, tarehe ya kutangazwa, jina la mwajiri na mahali pa kazi. Ongeza siku ya mwisho na mshahara, hata kama si lazima. Tarehe ndani ya alama hizo huanza na mwaka, kwa mfano 2025-04-03. Ukiandika 03/04/2025, wapo watakaosoma Aprili na wapo watakaosoma Machi.

Cheo ndicho kinachoharibiwa zaidi. Andika “Mhasibu Msaidizi”, basi. “NAFASI YA DHAHABU!!! Mhasibu Kumb. Na. 14/B” hakuna anayeitafuta hivyo. Namba ya kumbukumbu, mji na mshahara vina sehemu zake. Na mshahara utaje kiwango cha chini na cha juu, useme ni kwa saa au kwa mwezi. Kisingizio cha nafasi finyu kiliishia gazetini, na “mshahara mnono” si taarifa.

Fomu ya maombi ijaribu mwenyewe kwa simu kabla ya kutangaza. Maswali matatu au manne ya mchujo yanatosha. Fomu inayomdai mtu aambatishe wasifu, kisha aandike upya yaliyomo humo, huwafukuza kwanza wale ambao tayari wana kazi, na mara nyingi hao ndio unaowataka.

Gazeti lilizeeka lenyewe. Tangazo la mtandaoni lisipozimwa huendelea kuita watu. Siku ya mwisho ikifika, funga fomu na uondoe ukurasa, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ijibu 404 au 410, namba za kuuambia mtambo kwamba ukurasa haupo au umeondolewa, ili mitambo ya kutafutia ilifute. Nakala zilizochukuliwa na tovuti nyingine huenda zikabaki, kwa hiyo siku ya mwisho na kiungo cha asili viwemo pia katika maelezo yenyewe. Matapeli nao hupenda nakala hizo: hubadilisha namba ya simu tu na kudai ada ya usaili. Andika wazi kwamba hutozi ada, na utaje njia moja tu ya kupokea maombi. Mwombaji naye akikutana na tangazo kwenye kundi la simu, alitafute kwenye tovuti ya mwajiri kwa kuandika anwani mwenyewe. Lisipokuwepo, asitume hata nakala ya kitambulisho mpaka mwajiri athibitishe.

Karatasi haijafa kabisa. Zipo taasisi ambazo kanuni zake bado zinataka tangazo lichapishwe, na wapo mafundi wazuri wasioshinda mtandaoni. Ukichapisha, weka cheo, mahali, siku ya mwisho na kiungo kifupi cha herufi ndogo tupu, kisicho na sifuri inayofanana na O.