Fundi wa Tangi Anajibu: Nilimwaga bafa usiku, asubuhi matumbawe yamepauka

SWALI: Asalaam aleikum kaka fundi. Mimi kijana wa Mombasa lakini niko Dubai mwaka wa 4 sasa, nimeweka tangi la maji chumvi lita 200 hapa sebuleni, samaki wako poa kabisa, taabu yangu ni matumbawe. KH (kile kipimo cha uwezo wa maji kuhimili asidi) ilikuwa digrii 8.5 nikaacha kupima kama mwezi hivi, kazi bana, kuja kupima tena nakuta 6.2 na pH, kipimo cha asidi yenyewe, 7.8, nikaingiwa na uoga nikakimbia dukani nikauziwa bafa ya unga, dawa ya kupandisha KH, jamaa ananiambia weka vijiko viwili vya kulia itapanda. Ikapanda kweli! Asubuhi KH 11, ncha za akropora zangu zote 2 (matumbawe magumu ya matawi) nyeupe kama zimechomwa moto, na hita imeshika ukoko mweupe. Sasa niishushe tena ama? Na mbona pH bado iko vilevile?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu, pole. Kwanza weka hiyo kopo ya bafa juu ya kabati usiiguse wiki nzima. Usiishushe KH kwa dawa yoyote, hasa usije ukasikia mtu anakwambia tia asidi. Matumbawe yenyewe yataila, ishuke taratibu, na kama una chumvi ambayo ukiichanganya inakupa KH ya 8 hivi basi badilisha maji asilimia 10 leo na 10 tena baada ya siku 3, inatosha.

KH 6.2 haikuwa nzuri lakini haikuwa msiba. Maji ya bahari yenyewe yako kwenye 7 hivi, na watu wanafuga vizuri kuanzia 7 mpaka 11. Kilichokuchomea akropora ni kuruka karibu digrii 5 kwa usiku mmoja, mimi hata digrii 1 kwa siku naona ni nyingi tayari. Na ukipima naitreti na fosfeti, virutubisho vya tumbawe, ukakuta zote ni sifuri ndo utaelewa zaidi, manake tumbawe lenye njaa ukilisukumia KH ya juu ncha ndo zinaanza kuungua, kwa hiyo tangi safi sana kama hilo likae 7.5 mpaka 8, usitamani 10 za watu. Ule ukoko kwenye hita ni kalsiamu na kabonati vimeshikana vikaganda, yaani pesa yako ya bafa ndo ile pale, na kalsiamu umeipoteza juu yake. Itoe hita uilaze kwenye siki.

Za ncha nyeupe usizikate bado. Kama weupe umesimama palepale tumbawe litajifunika lenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini ukiona ngozi inabanduka kutoka chini kwenda juu hapo kata kipande cha juu kilicho kizima ukigundishe upya, ndo uokozi uliobaki.

Sasa pH. Hii inachanganya watu wengi sana. KH ni uwezo wa maji kuhimili asidi, na ndo hiyohiyo bikabonati ambayo tumbawe linaichukua pamoja na kalsiamu linajengea mifupa. pH inafuata sana hewa ya chumbani. Wewe uko Dubai, madirisha yamefungwa, AC inanguruma mchana kutwa, mnapumua humo watu 4 au 5, kaboni dayoksaidi imejaa sebuleni na inaingia kwenye maji, utamwaga bafa mpaka uchoke pH haitoki 7.8. Fungua dirisha usiku uone. Ama chukua mpira wa hewa wa skima (kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu) uutoe nje, ivute hewa ya huko. Na 7.8 asubuhi mapema kabla taa hazijawaka wala si ugonjwa.

KH ikirudi kwenye 8 na kitu, fanya hivi: siku 2 usitie chochote, pima saa ileile, mfano saa 2 usiku Jumatatu na saa 2 usiku Jumatano. Tuseme 8.4 imekuwa 7.4, basi tangi lako linakula 0.5 kwa siku. Lita 200 ukitoa mawe na mchanga una maji kama lita 170. Kupandisha digrii 1 kwenye lita 100 kunataka gramu 3 za baking soda, kwa hiyo hizo 170 zinataka 5, na nusu digrii ni gramu 2.5 kwa siku. Yeyusha gramu 80 kwenye lita 1 ya maji ya RO, yaani yaliyochujwa madini, kila siku unatia mililita 31, pole pole, penye mkondo wa pampu. Kalsiamu nayo inaliwa pamoja, kila digrii 1 ya KH inaenda na kama miligramu 7 za kalsiamu kwa lita, kwa hiyo nayo uirudishe, ila saa tofauti na upande tofauti wa tangi, ukivikutanisha vyote viwili maji yanakuwa tui. Magnesiamu iwe miligramu 1250 mpaka 1350 kwa lita, ikiwa chini huko kalsiamu na KH havikai.

Halafu kipimo chako, kama ni kile cha tone moja digrii moja hutaona nusu digrii hata siku moja. Tia maji mililita 10 badala ya 5, kila tone litakuwa 0.5.

SWALI: Kaka mimi niko Mtwapa, bahari ninayo mlangoni, kuna haja gani ya kununua chumvi? Nachota tu si ndio?

JIBU: Chota, lakini si kwenye kijito na si masika, mvua inazimua chumvi na kuleta uchafu wa mji. Subiri maji yajae, toka nje na ngalawa, pima chumvi iwe 35, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Ila ujue utapata KH ya 7 hivi, haitoshelezi tangi lenye matumbawe magumu mengi bila kuongeza. (Kijana wa Dubai usiige, chumvi ya bahari ya Ghuba huko inafika 40.)

SWALI: Shikamoo kaka. Arusha hapa baking soda na magadi si ni kitu kimoja? Nina katangi ka lita 60.

JIBU: Marahaba dada. Hapana. Magadi ya kuchemshia maharage yanatoka ziwani na floraidi na takataka zake, yaache maharageni. Na baking pauda pia usiitie, ile ina asidi na wanga ndani. Nunua kopo lililoandikwa sodiamu bikabonati peke yake. Kwa lita 60 gramu 1.8 inapandisha digrii 1 nzima, kwa hiyo tafuta mzani mdogo wa sonara, kijiko kitakudanganya.